Sidii ya Kupamba ya Dada: Nilivyoinakili Bila Kuitoa Nyumbani

Sidii ya kupamba ya dada yangu, ya mwaka 2008, ilianza kukwama dakika ya arubaini. Ni DVD ya kuchomwa, na diski za namna hiyo hazipatani na joto na unyevu wa Mombasa. Nikataka kuipeleka kwa fundi Mwembe Tayari. Mama akanikatiza: "Hiyo isitoke humu ndani. Wake za watu wamo vichwa wazi." Kweli, usiku wa kupamba, bibi harusi anapoonyeshwa alivyopambwa, ni wa wanawake peke yao, hata aliyeshika kamera alikuwa mwanamke. Basi nikaazima kisomeo cha USB, nikajifungia chumbani.

Nilianza na HandBrake, programu ya kugeuza video ya DVD iwe faili la kawaida, moja kwa moja kutoka kwenye diski. Ikaganda palepale. Kilichoniokoa ni ddrescue, programu ya bure ya Linux isiyo na vitufe, amri zake unaziandika mwenyewe. Huinakili diski nzima iwe faili moja la ISO. Ikifika penye mkwaruzo huruka, halafu hurudi kujaribu tena. Pia huweka ramani ya ilikofika, kwa hiyo nilisimamisha, nikaifuta diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, nikaendelea. Asubuhi palibaki visehemu vichache tu visivyosomeka. Bibi harusi akiingia, picha inavunjika vipande kwa sekunde mbili. Nimeridhika.

Ndipo nikairudia HandBrake, nipate faili dogo la kutazamia kwenye TV. Hapa nilikosea. Kwanza nililazimisha picha ikuzwe hadi mistari 1080, nikidhani itang'aa. DVD ya PAL, mfumo wa video uliotumika kwetu, ni nukta 720 kwa 576, na kisichokuwemo hakiongezeki. Nilipata faili zito na sura zilezile. Pili, kila mkono uliopunga leso ulitoka na meno kama chanuo. Kumbe kamera ile ilirekodi nusu ya mistari, kisha nusu ya pili, mara 50 kwa sekunde, na kompyuta inazibandika pamoja. Dawa yake ni kichujio cha Yadif. Nilikiweka kwa mtindo wa Bob, unaoifanya kila nusu kuwa picha yake, na chakacha sasa inakwenda laini kama ilivyochezwa.

Ubora niliupima kwa hina. Kwenye RF 22 (RF ni kipimo cha ubora ndani ya HandBrake) maua ya mkononi yalifanya ukungu. RF 18 ikala nafasi bure (namba ikiwa ndogo, picha ni safi zaidi na faili ni kubwa). Nikatulia kwenye 20. Sauti sikuigusa, imebaki ilivyo kwenye DVD, kwa muundo wa AC3. Laptopu yangu ni kuukuu, ikachukua karibu saa tatu.

Kinyongo changu kimoja: menyu ya mwanzo, ile yenye maua na jina la dada, hupotea. MakeMKV, programu ya kuitoa video kwenye DVD kama ilivyo, nayo nilijaribu. Ni nyepesi na picha haiibadilishi hata kidogo, ila menyu pia inaiacha. Kwenye ISO imo yote, na VLC, programu ya kuchezea video, inaifungua vizuri. Ningeambiwa nibakishe faili moja tu, ningebakisha hiyo, na GB zake nne.

Nimeiweka kwenye diski mbili za nje. Moja iko kwangu; ya pili iko kabatini kwa Mama, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso.