Filta ya tangi la samaki: ipi itajiwasha stima ikirudi?

Malalamiko ya wafugaji wa samaki wa urembo hapa Mombasa yanafanana: stima ilipotea usiku, ikarudi, na asubuhi filta inanguruma bila kutoa tone la maji. Samaki wote wako juu wanatweta. Filta yenyewe haijamaliza hata miezi miwili. Ndiyo maana hapa rangi, taa na ukimya wa mota havina nafasi. Swali ni moja tu: stima ikirudi nawe uko kazini, filta itavuta maji yenyewe?

Nyingi za kuning'iniza ukingoni haziwezi. Mota yake iko nje ya tangi, chini ya kisanduku. Stima ikikatika, maji ya kisandukuni hurudi tangini kupitia bomba la kufyonzea mpaka hewa inase kwenye kona ya bomba. Stima ikirudi, impela, yaani kile kipangaboi kidogo chenye sumaku, husukuma maji machache yaliyobaki, kisha huzunguka kavu. Hakuna maji ya kuipoza, mhimili unalika, mota inaungua. Miezi ya kaskazi mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa tangi lisilo na mfuniko hupungua upesi, na kila sentimita inayoshuka inaongeza kimo ambacho filta inapaswa kuvuta.

Usidhani ni hasara ya mota peke yake. Kwenye sponji ya filta wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, nao wanahitaji oksijeni. Maji yetu ya nyuzi 28 hadi 30 hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya nyuzi 24. Wakifa hao, unaanza upya kuwakuza kwa wiki nne hadi sita.

Namba moja, na sifichi upendeleo wangu, ni Seachem Tidal. Inaning'inia ukingoni kama zile nyingine, ila pampu yake imezama ndani ya maji ya tangi. Maadamu maji hayajashuka chini ya pampu, stima ikirudi nayo inarudi kazini. Kikapu chake ni kikubwa, na maji hupanda kutoka chini yakipita kwenye sponji yote. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 ni kama lita 65. Linataka mzunguko wa mara nne hadi tano kwa saa, yaani lita 260 hadi 325. Tidal 35 inatosha na kubaki, na ina kitufe cha kupunguza kasi. Soma kibandiko kabla ya kulipa: kiandikwe 220–240V, 50Hz. Zile za soko la Marekani ni za 120V, na soketi zetu zitaziunguza siku hiyo hiyo.

Namba mbili ni sponji ya hewa na pampu yake, inayoipelekea hewa kwa mpira. Inajiwasha bila shida, lakini weka pampu juu kuliko usawa wa maji, au funga vali ya kuzuia maji kurudi. Bila hivyo, stima ikipotea maji hufuata mpira mpaka kwenye pampu, na kutoka hapo mpaka kwenye soketi.

Kwa tangi la lita 150 kwenda juu, Eheim Classic, ile ya mtungi wa chini ya kabati. Inabaki imejaa maji, kwa hivyo inawaka. Kasoro yake ni kwamba imefungwa: ikizimika saa kadhaa, oksijeni ya ndani huisha. Ukiwepo, mwaga maji yale na suuza sponji kwa maji ya tangi, si ya mfereji yenye klorini, kabla hujaiwasha.

Filta ndogo za ndani za bei rahisi zinajiwasha, lakini sponji yake huziba kila wiki. Zinafaa tangi la lita 30, basi.

Sasa wauzaji. Kisanduku kinaandikwa lita 1000 kwa saa, kipimo cha pampu tupu bila sponji. Ukiomba filta ijaribiwe, unaambiwa ukifungua umenunua. Halafu mteja huyo huyo anauziwa tangi, filta na samaki kumi siku moja, bakteria hawajaota bado, samaki wanakufa, na wiki ya pili anarudi kununua wengine. Hiyo si haki. Duka lenye tangi linalofanya kazi halikosi ndoo ya maji: ning'iniza filta, shusha maji sentimita tatu, zima dakika kumi, washa. Isipotoa maji ndani ya dakika moja, irudishe rafuni.

Ikifaulu, nunua impela ya akiba papo hapo, ya modeli ile ile. Maji ya visima vyetu ni magumu, yenye chokaa ya matumbawe, na chokaa hiyo huganda kwenye mhimili. Loweka impela kwenye siki nusu saa kila mwezi, kisha isuuze vizuri.