Raspberry Pi Zero 2 W kwenye kituo changu cha hali ya hewa, Uyole Mbeya: uzoefu wangu

Watu wananiuliza kwa nini nimefunga kakompyuta kadogo kama kiberiti kupima mvua na upepo wakati deskitopu nzima imekaa tu sebuleni haina kazi. Jibu ni Luku, huu umeme wa kulipia kabla. Deskitopu ya zamani hata ukiiacha bila kuigusa inakula kama wati 60, na kituo cha hali ya hewa hakina kuzima, ni saa 24 mwezi mzima, piga hesabu unapata uniti 43. Sasa sisi wa matumizi madogo tukivuka uniti 75 kwa mwezi tunapandishwa daraja na bei ya uniti inaruka karibu mara tatu, yaani hiyo deskitopu peke yake imeshamaliza zaidi ya nusu ya nafasi yako kabla hujawasha friji wala pasi. Hii Zero 2 W nimeipima na kale kamita ka USB, inacheza kwenye wati 1, inapanda kidogo tu pale inapochora grafu, kwa hiyo mwezi unaisha haijafikisha hata uniti moja.

Ila Luku ni nusu ya maneno. Nusu nyingine, na kwangu ndo kubwa, ni kwamba huku kwetu umeme na mvua havikai nyumba moja. Mvua zinaanza Novemba hivi zinakwenda mpaka Aprili, na ile ya radi inayoshuka jioni ndo hiyo hiyo inayoondoka na umeme, kwa maana saa ile ndoo ndogo ya kupimia mvua, inayojimwaga kila ikijaa, inapinduka kama imepagawa ndo saa kompyuta yako imelala. Manyunyu ukiyakosa hakuna anayejali, lakini mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja, iliyobeba matuta ya viazi ya kaka yangu mpaka barabarani, hiyo ndo nilitaka niione kwenye namba. Kwa hiyo mimi dukani sikuuliza mashine ina spidi gani, nilikuwa nawaza betri itaibeba saa ngapi.

Hesabu yake iko hivi. Betri ndogo ya volti 12 ampia-saa 7, zile wanazoweka kwenye UPS, ina wati-saa 84, na betri ya asidi ukitaka ikae usiishushe zaidi ya nusu, zinabaki 42. Raspberry Pi 4, kaka yake mkubwa, inakula wati 3 hivi ikiwa imetulia, hapo una saa 14, usiku ukiwa mrefu na kesho yake hakuna jua basi umekwisha. Zero kwa betri ile ile inavuka siku nzima na usiku wake hata ukitoa kile kinachopotea kwenye kidude cha kushusha volti kutoka 12 kwenda 5. Juu yake nina paneli ya wati 20 na chaji kontrola (ya kulinda betri isijazwe kupita kiasi) ya bei chee, basi. Pi 5 sikuifikiria kabisa, ni mashine nzuri sijakataa, lakini inataka chaja ya ampia 5, wati 27, ya nini hiyo kwa kitu kinachohesabu matone? Ila nayo ina kitu nakionea wivu, saa yake ya ndani ipo kwenye bodi, unaongezea kabetri tu.

Maana hilo la saa msilichukulie poa. Zero haina saa. Umeme ukikatika ukarudi, na intaneti nayo imekata (na huku mara nyingi vinakwenda pamoja), inaamka inaendelea na muda wa mwisho iliokuwa nao, halafu data inaandikwa na saa za uongo, mvua ya saa mbili usiku inasomeka ya saa kumi na moja jioni. Dawa yake ni kamoduli ka saa ka DS3231 na kale kabetri ka duara, kanachomekwa kwenye pini zile zile za sensa. Nunua siku hiyo hiyo unayonunua bodi.

Kuhusu pini, angalia unachouziwa, Zero 2 W ya kawaida inakuja haina pini zilizochomelewa, mimi nilimpelekea fundi simu Mwanjelwa akazichomelea vizuri tu. Waifai yake ni ya GHz 2.4 pekee. RAM ni MB 512, kwa hiyo weka mfumo wake mwepesi wa Lite, usio na madirisha ya kubofya, unaingia kutoka laptopu kwa SSH, yaani unaandika amri kupitia mtandao. Programu yangu ni ya Python inaandika kwenye faili la data la SQLite, dogo nyumbani anafungua ukurasa kwenye simu anaona joto na mvua. Ukiwa na kituo cha dukani chenye konsoli yake (kile kioo cha kuonyesha vipimo) tumia programu ya weewx, ni ya bure, na konsoli nyingi zinatunza data zenyewe kwa hiyo presha ya umeme inapungua.

Sasa sensa. Niliagiza BME280, ya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, muuzaji mmoja wa mtandaoni akaniletea BMP280, hii haipimi unyevu, na bodi zinafanana mpaka uangalie ile chipu, ya BME280 ni mraba kamili na nyingine imerefuka kidogo. Pesa sijarudishiwa mpaka leo. Pia msishtuke mkiona mgandamizo unasoma hektopaskali 820 hivi, sensa ni nzima, ni vile tuko juu karibu mita 1,800, lazima uweke mwinuko kwenye programu ndo ikupe ile ya usawa wa bahari. Na sensa usiifungie boksi moja na bodi, joto la bodi linakudanganya digrii kadhaa, hasa hii baridi yetu ya Juni na Julai ambapo digrii mbili tatu ndo tofauti ya umande wa kawaida na ule unaoganda ukaunguza viazi.

Bodi yangu ipo nje chini ya mapaa, karibu na mlingoti, maana waya za I2C, zinazoleta data kutoka kwenye sensa, hazipendi urefu. Umeme nimeupeleka kule ukiwa bado volti 12 nikaushusha pale pale kwenye boksi, ukipeleka volti 5 kwenye waya mwembamba mrefu zinafika zimechoka na bodi inajizima zima ovyo. Baridi haiisumbui, imetengenezwa kufanya kazi mpaka digrii 20 chini ya sifuri. Ukungu ndo wa kuogopa, weka vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Memori kadi usibane hela. Tafuta zile za kamera za ulinzi zinazohimili kuandikwa kila saa, feki zipo nyingi na umeme wa kukatika unaziua haraka zaidi.

Kuna jamaa watakwambia ESP32, kachipu kadogo zaidi ya Pi, ndo mwisho wa maneno, na kweli ikilala inatumia umeme kama haipo. Ila mimi nataka data ya miaka ikae kwangu, sio kwenye seva ya mtu, na hapo ESP32 itahitaji kompyuta nyingine ya kuitunzia, tumerudi kule kule. Laptopu iliyopasuka kioo nayo sio mbaya kama unayo bure, wati 12 hivi, uniti karibu tisa kwa mwezi, na betri yake kama bado inashika inakubeba umeme ukikatika.

Naipa nane kwa kumi, mbili nimetoa kwa ajili ya saa na bei, maana kiwandani ni dola 15 lakini ikifika huku ni habari nyingine. Kwa aliyeko Tukuyu, paneli ya wati 20 sikushauri, mawingu ya kwenu yanakaa wiki, nenda wati 50 na betri ya ampia-saa 18.