Dairy Milk ya ladha mpya: uanze na ipi Kampala?

Chokoleti ya Dairy Milk ya kawaida, ile ya karatasi ya zambarau, wengi wetu tumeijua tangu utotoni. Cadbury walianza kuiuza Uingereza mwaka 1905, na leo ina ndugu wengi: ya njugu, ya zabibu, ya Oreo, ya karameli. Bei zake si za kubahatisha. Kwa hiyo nimezipanga kwa swali ambalo mnunuzi wa Uganda hawezi kulikwepa: itafika nyumbani ikiwa bado chokoleti? Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili. Kivulini Kampala kwa kawaida joto halifiki huko, lakini teksi iliyosimama juani ikingoja abiria hufika na kupita.

Ya kwanza ni ile ya njugu, yenye hazelnati nzima (si karanga, ni njugu za mviringo za mtini). Ukimega kipande unaona njugu zimekatika katikati, nyeupe kwa ndani, na ule utamu wa maziwa unatulia kwa sababu kuna cha kutafuna. Hata ikilegea kidogo njiani, njugu inabaki ngumu. Aliyezoea ya kawaida hatashtuka.

Ya pili, zabibu kavu na lozi. Iko karibu sana na ya kwanza, na wazee naona wanaipenda zaidi. Wasiopenda zabibu wasijilazimishe. Ndugu zangu Waislamu, someni viungo kabla ya kununua chokoleti yoyote ya zabibu, maana ziko za kampuni mbalimbali zinazotiwa ramu au ladha yake.

Ya tatu ni ya Oreo, yenye krimu ya vanila na vipande vya biskuti. Ni tamu mno kwangu, ila watoto wataishangilia. Chukua ndogo kwanza. Ya mnanaa naiweka ya nne; anayeipenda anajijua.

Karameli ni ya mwisho, na inaniuma kusema hivyo kwa sababu mdomoni ndiyo naipenda kuliko zote. Tatizo ni safari. Karameli ni laini hata pakiwa na baridi. Joto likizidi, ganda linapasuka, nayo inavujia kwenye karatasi. Inunue kama utaila papo hapo.

Kabla ya kulipa, papasa kwa vidole juu ya karatasi. Vipande vikiwa havina kingo, imeshayeyuka na kuganda tena. Ukiifungua ukakuta weupe kama vumbi la unga, mara nyingi si ukungu: ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu baada ya joto. Haidhuru, ila haiyeyuki tena vizuri ulimini, nawe umelipa bei ya nzima. Iache ile iliyokaa dirishani au karibu na kaunta ya mikate ya moto, umwombe muuzaji akutolee nyingine kutoka kwenye boksi. Tazama na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Jambo moja wanunuzi hulipita: angalia nchi ilikotengenezwa. Dairy Milk hutengenezwa Uingereza, India, Afrika Kusini na kwingineko, na ladha hazifanani. Ya Uingereza huandikwa kuwa na kakao isiyopungua asilimia 20. Ukilinganisha ya njugu kutoka nchi moja na ya Oreo kutoka nyingine, unalinganisha viwanda, si ladha.

Nje ya orodha hii, ukikuta chokoleti nyeusi ya kakao ya Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, inunue pia. Kakao nyingi ya Uganda hulimwa huko, na kwa miaka mingi imekuwa ikisafirishwa nje ikiwa mbegu kavu. Ni chungu kuliko tuliyoizoea, kwa hiyo anza na kipande kidogo pamoja na chai isiyo na sukari, na ukiache kiyeyuke chenyewe bila kutafuna.