TAHADHARI: "Dozi ya kung'oa mzizi wa hepesi" inayouzwa WhatsApp ni utapeli

Ndugu zangu, hasa mnaosumbuliwa na hepesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri yanayoondoka na kurudi, nisomeni kabla hamjatuma hela.

Mwaka jana yalinirudia mara nne. Mara ya nne nilikuwa nimechoka, na kituo cha afya cha mtaani kwetu nesi ni jirani yangu. Nikaona aibu. Nikabonyeza tangazo Facebook: hepesi inapona kabisa ndani ya siku 21, tunatuma mikoa yote. Likanipeleka WhatsApp kwa mtu anayejiita daktari, mpole, kila sentensi "dada yangu". Akaomba picha za vidonda ili "aone ugonjwa umefika hatua gani". Nikatuma. Nimeumia kwa pesa, lakini zile picha ndizo zilizonikosesha usingizi.

Dozi ni shilingi 185,000, nusu kwanza, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina jingine kabisa. Mzigo ukaja kwa basi: chupa mbili za kapsuli na unga wa kuweka kwenye uji. Hakuna jina la kiwanda, hakuna namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda imeandikwa kwa kalamu. Nikanywa hivyo hivyo. Siku ya nane vidonda vikakauka, nikamwandikia ujumbe wa kumshukuru.

Hapa ndipo mtego ulipo. Vidonda vya kurudia hukauka vyenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, unywe kitu usinywe. Virusi haviondoki, vinarudi kujificha kwenye mishipa ya fahamu. Kwa hiyo hata angenitumia unga wa muhogo, siku ya nane ningemshukuru vile vile. Baadhi ya shuhuda wanazowaonyesha zinaweza kuwa za watu wa kweli waliopata nafuu ya kweli, ila wangeipata hata bila kutoa senti.

Wiki sita baadaye yakarudi. "Daktari" akasema mzizi umebaki, niongeze 120,000. Nilipokataa na kudai hela yangu, akanitumia picha zangu mwenyewe pamoja na majina ya ndugu zangu aliyoyatoa Facebook. Nililia sana siku ile. Sikumtumia kitu. Nilihifadhi mazungumzo yote, nikatuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha mdogo wangu akanisindikiza polisi. Anayetishiwa hivi asilipe, maana ukilipa mara moja atarudi tena, na asifute chochote, huo ndio ushahidi wake.

Hakuna dawa duniani inayomaliza hepesi. Zipo za kuituliza: asiklovia na nyingine za jamii yake, zimetumika miaka mingi na daktari yeyote anazijua. Mimi nilipewa miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku tano, nianze pale tu ninaposikia mwasho na kuchomachoma, kabla vidonda havijatoka. Anayerudiwa mara nyingi kama mimi anaweza kupangiwa ya kunywa kila siku. Hiyo ni dozi yangu, yako upangiwe wewe. Yakirudi mfululizo pima na VVU, na kama una mimba waambie kliniki mapema, kwa sababu mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa.

Unayetaka kutibiwa kwa simu sikukatazi, najua aibu ilivyo. Muulize jina kamili na namba ya usajili, ulitafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Wangu nilipomuuliza, alininunia siku mbili.

Tangazo sasa linatembea kwa jina jipya, na bado wanaonyesha ujumbe wangu: "Asante daktari, vimekauka kabisa." Ukiuona, mimi ndiye niliyeuandika, na vilirudi.