Kongamano la Mahale: msitu mtamu, ratiba hovyo, ukiwa na mafua usiende

Nimerudi Kigoma mjini juzi, nguo bado zinanuka moshi, ngoja niandike kabla sijasahau maana watu kibao wananiuliza kama lile kongamano la sokwe kule hifadhi ya Mahale linafaa kulipia. Pahali panafaa sana. Ratiba ndo mtihani.

Kwanza mjue ndani ya hifadhi hakuna barabara, ni boti au miguu yako. Tuliambiwa safari saa 12 asubuhi, tukaondoka saa 4 kasoro sababu tulikuwa tunamsubiri profesa mmoja ambaye kumbe alishasema haji tangu jana yake. Kuchelewa hivyo Tanganyika si mchezo, mchana upepo ushaamka, na ukikumbuka hili ziwa lina kina mpaka mita 1,470 unajikuta unakagua laifu jaketi upya. Yangu ilikuwa na kifungo kimoja, cha pili wameweka kamba ya katani. Jamani.

Ila mkikaribia unasamehe. Milima inaporomoka mpaka ziwani, msitu mweusi tii, mlima Nkungwe na mita zake 2,462 umejifunika wingu, boti zima kimya, hata yule jamaa wa spika alizima mwenyewe.

Mabanda safi, neti haina tundu. Msosi samaki, migebuka ya kukaanga, mitamu kweli, ila siku ya tatu nilianza kuota maharage.

Sasa kongamano lenyewe. Wamebeba prajekta mpaka porini, sola ikaibeba mpaka slaidi ya nne, ikafa. Dada aliyekuwa anatoa mada hakubabaika, akatutoa nje akaokota kijiti akachora mchangani, huku Gombe, ile hifadhi nyingine ya sokwe, huku Mahale. Akasema sokwe wa Gombe wanakula chikichi, wa Mahale wanaipita tu michikichi kama hawaioni. Sie wa Kigoma tukaangua kicheko, asiyejua mawese huyo tunamwita mgeni. Halafu wa Mahale wakitoana chawa wanashikana mkono mmoja juu ya kichwa, mwingine ndo unachambua manyoya, akamsimamisha mzee mmoja mwenye kitambi wakaonyesha live, yule mzee akapigiwa makofi kama bwana harusi. Siku ya pili jenereta likapatikana tukaletewa slaidi 60. Sikumbuki hata moja.

Na wakati wa hizo slaidi sokwe wakaanza kupiga kelele huko juu, ukumbi ukabaki na mtoa mada na mwenyekiti wake. Na mimi. Sikubaki kwa heshima, nilikuwa na mafua. Asubuhi mwongoza wageni alinisikia nakohoa akanitoa palepale kwenye kundi la kwenda kuona sokwe. Nikawaka, nimelipa hela yangu! Akanijibu taratibu tu, "Kaka, mafua yako yataisha wiki hii, kwa hawa yanaweza kuwa msiba." Hapo sina ubishi, magonjwa yetu yanawapata kweli, ndo maana barakoa, ndo maana unakaa mita 10 mbali na sokwe, kundi watu sita, saa moja basi. Kinachoniuma ni waandaaji, wangeandika kwenye tangazo kwamba ukikohoa huendi na hela hairudi. Hawakuandika popote.

Kingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wapo kule tangu 1965, hifadhi yenyewe imekuja 1985, na nyuma yao kuna wenyeji waliokuwa wakifuata nyayo za sokwe kila siku. Mzee mmoja wa hao alikuwepo pale kambini, anawataja sokwe kwa majina na nani mama wa nani, na kwenye ratiba hakupewa hata dakika tano! Tulimsikia usiku motoni baada ya kula, tukakaa naye mpaka kuni zikaisha.

Mwakani wakiita naenda. Prajekta waiache Kigoma, na mimi wiki nzima kabla ni tangawizi tu.