Vidonge vya Tezi ya Thaimasi Kutoka Duka la Dawa la Mtwara Mjini
Kwenye kopo la vidonge hivi vya thaimasi ya ndama imeandikwa kwamba huamsha seli shina za uboho (seli mama zinazozaa seli za damu ndani ya mifupa) ili ziongeze damu. Ni kweli kwamba thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, hupokea seli changa kutoka kwenye uboho na kuzikomaza kuwa seli T, yaani seli za kinga ya mwili, na kwamba thimosini alfa 1, homoni ya thaimasi yenye amino asidi 28, husaidia ukomavu huo. Lakini homoni hiyo hutolewa kwa sindano, kwa kuwa peptidi (mnyororo mfupi wa amino asidi kama huo) ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama yoyote. Nilipomuuliza muuzaji kuhusu hilo, alinijibu kwa subira. Hata hivyo, mwenye upungufu wa damu, hasa mama mjamzito, nisingependa kabisa anunue vidonge hivi badala ya kwenda kupimwa malaria, minyoo na upungufu wa madini ya chuma.