Kozi ya "my" na "mine", nimemaliza masomo yote 12 na hili ndo neno langu

Juzi nimemaliza ile kozi ya mtandaoni ya viwakilishi na vivumishi vya kumiliki vya Kiingereza, ya video fupifupi na mazoezi ndani ya simu. Jina silitaji mana sitaki ugomvi na mtu, ila naandika kwa ajili ya mtu kama mimi, ambae Kiingereza anakiongea vizuri tu mpaka afike kwenye his na her, hapo anameza mate kwanza. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa hasira za somo la sita, nitawaeleza.

Nianze na uzuri mana upo. Masomo matatu ya mwanzo mwalimu hakimbii, anaongea taratibu, na hakuanza kwa kutumwagia lile jedwali refu la I, me, my, mine ambalo sote tuliwahi kulikariri kama sala bila kujua la kazi gani. Alianza na sentensi mbili tu, "this is my pen" na "this pen is mine", akakaa hapo hapo somo zima. Mwanzoni nikaona ananipotezea muda kumbe mjinga ni mimi, kwa sababu ukizileta kwetu ni "hii ni kalamu yangu" na "hii kalamu ni yangu", neno ni lile lile yangu, halibadiliki hata kidogo, ndo mana miaka yote nilikua naandika "mine pen" na sioni tatizo liko wapi. Kiingereza kinataka kujua, hili neno lina jina mbele yake au limebaki peke yake? Kama jina lipo mbele weka my, your, her, our, their. Kama hakuna weka mine, yours, hers, ours, theirs. His yeye kajitoa kwenye vurugu, yuko hivyo hivyo sehemu zote mbili. Na its kuisimamisha peke yake mwishoni mwa sentensi karibu hutoiona kabisa.

Sasa hapa ndo ninapowalaumu. Kozi inasema imetengenezwa kwa ajili ya wanaoongea Kiswahili, ipo hadi kwenye maelezo yake, alafu kitu kimoja ambacho Mswahili angeambiwa siku ya kwanza hakimo kwenye masomo yote 12. Sisi tunaangalia KINACHOMILIKIWA. Kitabu changu, vitabu vyangu, nyumba yangu, gari langu, mwanangu, yaani mwanzo wa neno unakimbizana na ngeli ya kile kitu na mwenye mali anabaki kule mkiani, -angu, -ako, -ake. Mwingereza kile cha mwanzo hana habari nacho kabisa, kitabu kimoja au mia, nyumba au gari, kwake yote ni my. Yeye anaangalia MWENYE MALI tu. Kwaiyo ngeli zote unazipumzisha, ila ile -ake yetu moja inayomfaa kila mtu na kila kitu unaivunja vipande vitatu, his kwa mwanaume, her kwa mwanamke, its kwa kitu.

Hilo nililigundua mwenyewe nikiwa nagombana na sentensi ya mazoezi, "Asha na mume wake". Nikaandika "Asha and his husband". Nyekundu. Nikarudia, nyekundu. Nikawa nabisha na simu, si mume ni mwanaume jamani, his inakataaje? Kumbe kichwa changu kilikua kinaangalia mume kama nilivyozoea kuangalia kitabu na gari, wakati ilitakiwa nimwangalie Asha. Her husband. Ikishaingia hii haitoki tena, ni maelezo ya dakika mbili tu ambayo yangeniokolea wiki nzima, na mwalimu hana.

Haya, somo la sita. Somo la kutafsiri. Linakupa "Yeye ni daktari" unaandika "She is a doctor" unapigwa nyekundu, jibu lao ni he. Kwa kipi? Yeye haina jinsia, a- haina jinsia, -m- haina jinsia! Nikavumilia. Mbele wakaleta "Alimpa kitabu chake", hapo uvumilivu ukaniisha. Hebu piga hesabu mwenyewe, aliyetoa anaweza kuwa he au she, aliyepewa him au her, na kitabu kinaweza kuwa his au her, mbili mara mbili mara mbili, sentensi nane na zote sahihi kabisa, na hapo sijaweka mtu wa tatu asiyehusika ambae kitabu ni chake. Nilizijaza zote nane kwenye daftari jioni ile, He gave her his book, She gave him her book, She gave her her book (hii ina her mbili zimefuatana, ya kwanza ndo aliyepewa ya pili ndo mmiliki, na ni Kiingereza safi), nikawa nazijaribu moja moja, mashine ikakubali moja tu. Nikawaandikia watu wa msaada, likaja jibu la kushukuru kwa maoni yangu, basi, somo liko vile vile hadi leo.

Ningekua mimi ningeweka sentensi ya juu yake, kwa mfano "Juma alikutana na dada yake", alafu ndo tafsiri ifuate. Ukijua nani ni nani kubahatisha kunapungua sana.

Somo la nane lakini, mikono juu. Its na it's, your na you're, their na they're na there, whose na who's, zote kwa pamoja na hakuna aliyeachwa njia panda. Anakwambia ile ritifaa, kale kakoma ka juu kama kwenye ng'ombe, hapa kamekaa mahali pa herufi zilizomezwa, it's ni it is au it has, na hakahusiani na kumiliki. Kwaiyo ukikwama rudisha herufi zake, "the dog wagged it is tail", unaona mwenyewe haiendi, basi ni its. Na hers, ours, yours, theirs hazina ritifaa hata siku moja. Kinachotupoteza ni majina ya watu, mana John's car inayo, tunadhani na viwakilishi navyo ni hivyo hivyo. Pia akachomekea kwamba its ni neno la kuja juzi kwenye lugha yao, limeanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16, kabla ya hapo his ilikua inatumika hata kwa vitu, na hata its ilipoingia watu waliendelea muda mrefu tu kuiandika na ritifaa. Nikafarijika, kumbe hata wenyewe waliyumba, na mpaka kesho wanayumba.

Kusikiliza nimepata maksi mbaya sana na sitaki kuwasingizia, ni sikio langu. His na he's zote nazisikia "hizi". Kwao moja i yake ni fupi nyingine inavutwa, sisi i yetu ni moja tu. Vaeni spika za masikioni, bila hivyo mtachemka.

Ile they ya mtu mmoja, "someone left their phone", wameipitia kwa sekunde chache kama wanaikwepa, na mazoezi yao bado yanalazimisha "his or her". Wakati hiyo they wazungu wanaitumia tangu karne ya 14, na mwaka 2019 Merriam-Webster, wale wa kamusi ya Kimarekani, waliichagua they kua neno la mwaka. Kwetu ingetakiwa iwe rahisi kuliko zote, mtu humjui ni mwanaume au mwanamke unasema they, ni kama umeikuta yeye yako ugenini.

Vitu vingine ambavyo havimo na vinatuumiza sisi. "My father he works", hii inatokana na a- ya anafanya, tunaona bila kumtaja tena baba sentensi haijakamilika, ila Kiingereza ukishasema my father he hana tena nafasi. Na viungo vya mwili, sisi tunasema nimevunjika mguu, wa nani zaidi ya wangu, wao lazima "I broke my leg", "she is washing her hands", usipoitaja my utaulizwa mguu gani. Hayo yote kimya.

Ila "a friend of mine" wameieleza vizuri na nimecheka peke yangu, mana miaka yote nilikua nasema "my one friend" nikimaanisha rafiki yangu mmoja, kumbe aliyenisikia ameelewa kwamba duniani nina rafiki mmoja tu.

Kitaalamu haisumbui, ukishapakua video zinacheza bila intaneti, mazoezi yanahifadhi pale ulipoishia. Mtihani wa mwisho maswali 40 nimepata 33, na kati ya saba nilizokosa nne ni za kusikiliza, hizo "hizi" zangu.

Kama unaianza, daftari kando, somo la sita fanya ukiwa umeshakula na huna hasira na mtu. La saba liruke, ni marudio ya la nne, amebadilisha shati tu.